Malipo ya Zege Yasiishie Siku ya Kumwaga

Mtu anayejenga Goba, Kivule au Kigamboni, jijini Dar es Salaam, akifika hatua ya slabu, swali la kwanza analowauliza jirani na shemeji ni hili: fundi anachukua kiasi gani? Atawaita mafundi watatu au wanne. Kila mmoja atazunguka boma, atapima kwa macho, atataja bei yake ya ufundi, na mwenye nyumba atabana mpaka lipatikane punguzo. Makubaliano hufungwa palepale, mara nyingi kwa mdomo: advansi kidogo ya kuanzia, nyingine mbao na nondo zikikamilika, na yote inayobaki siku zege linapomwagwa. Jioni ile vijana wanagawana chao, chakula cha mwenye nyumba kinaliwa, na kila mtu anaondoka akiamini kazi imekwisha.

Safu hii inashikilia kwamba kasoro nyingi za zege katika nyumba za kuishi zinaanzia kwenye makubaliano hayo, kabla hata ya mfuko wa kwanza wa saruji kupasuliwa. Fundi analipwa kwa namna inayompa faida akiongeza maji, akikimbiza kazi na akiondoka mapema. Baadaye analaumiwa kwa kuongeza maji, kukimbiza kazi na kuondoka mapema. Bei yake inaweza kuwa ya juu au ya chini, na zege likatoka bovu vilevile, kwa sababu ndani ya mapatano yote hakuna shilingi hata moja iliyotengwa kwa ajili ya mambo yanayoamua nguvu ya zege lenyewe.

Tuanze na mzigo, maana mzigo ndio unaoeleza tabia. Slabu ya mita za mraba 100 yenye unene wa sentimita 15 inameza mita za ujazo 15 za zege. Mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu tani 2.4, kwa hiyo vijana wanapandisha juu tani 36. Karai likibeba kilo 24, hizo ni karai 1,500, kichwani au mkono kwa mkono kwenye ngazi ya mirunda, kuanzia alfajiri hadi giza linapoingia. Zege lililochanganywa sawasawa ni zito na lina ukaidi: haliteremki kutoka kwenye karai mpaka likung'utwe, halisambai mpaka livutwe kwa koleo, haliingii kati ya nondo mpaka lishindiliwe. Zege lenye maji mengi linateleza lenyewe na kujisawazisha. Saidia fundi hahitaji kusoma kitabu chochote ili ajue tofauti hiyo, mabega yake yanamwambia ifikapo karai ya hamsini. Ndipo inapotoka sauti kutoka kwenye mashine: "Bosi, zege limekuwa zito, tuongeze maji kidogo vijana wapumue." Bosi, aliyesimama kivulini na simu mkononi, anaitikia kwa kichwa. Hajui kwamba ameuza sehemu ya slabu yake.

Mafundi wana msemo wao kwamba zege halilali. Msemo ni wa kweli kabisa. Slabu ikiachwa nusu, zege la kesho halishikani vizuri na la leo, na pale panapokutana hubaki mshono dhaifu unaopitisha maji. Lakini msemo huo umegeuka kuwa kibali cha kila aina ya haraka. Kwa kuwa halilali, watu wanachanganya gizani bila vipimo. Kwa kuwa halilali, saa kumi na moja jioni, mchanga ukikaribia kwisha na saruji ikiwa imebaki mifuko minne, uwiano unabadilika na hakuna anayeuliza. Siku hiyo ndiyo siku ya malipo, na kila saa inayosogea inakula faida ya fundi.

Sasa kwa nini maji hayo kidogo ni jambo kubwa? Zege haliwi gumu kwa kukauka. Saruji huungana na maji kikemikali, na muungano huo ndio unaozaa gundi inayoshika mchanga na kokoto. Maji yanayohitajika kwa kazi hiyo ni machache kuliko watu wanavyodhani. Yanayozidi hutumika kulainisha tu, na yakishaondoka huacha vitundu visivyoonekana ndani ya zege. Mhandisi wa Kimarekani Duff Abrams alilionyesha hili mwaka 1918 huko Chicago, baada ya kuvunja maelfu ya sampuli: kwa vifaa vilevile, nguvu ya zege inaamuliwa hasa na uwiano wa maji kwa saruji. Miaka zaidi ya mia imepita na hakuna aliyeitengua kanuni hiyo.

Kwa lugha ya ndoo, hali ni hii. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unatosheka na maji ya lita 25 hadi 28 yote kwa pamoja, yakiwemo yaliyomo ndani ya mchanga. Mchanga wenye unyevu wa kawaida unaoingia kwenye mfuko mmoja kwa uwiano wa 1:2:4 unaweza kuwa umebeba lita tano tayari. Inabaki ndoo moja ya lita 20 na kidogo juu yake. Ukiongeza nusu ndoo ili vijana wapumue, umetoka lita 25 hadi 35, na nguvu ya zege hilo imeshuka kwa zaidi ya theluthi. Saruji ni ileile, nondo ni zilezile, risiti za duka la vifaa ni zilezile. Kilichobadilika ni nusu ndoo ya maji ambayo haikuandikwa popote.

Kuna na maji ya aina ya pili, mabaya zaidi. Saruji ya kawaida huanza kushika baada ya saa moja au zaidi, na katika joto la pwani mambo huenda mbio kuliko hapo. Zege likikaa chini wakati mashine imezimika au vijana wanakula, linaanza kugoma. Dawa inayotumika mtaani ni kulimwagia maji na kuligeuza upya mpaka lilainike. Linalainika kweli, lakini kile kilichokwisha kuungana kimevunjwa na hakitaungana tena kwa nguvu ileile. Zege la namna hiyo lilipaswa kutupwa kwenye kifusi. Nani atalitupa, na hasara ikae kwa nani? Makubaliano hayasemi, kwa hiyo linapandishwa juu.

Baada ya kumwaga, kazi iliyobaki haina kelele wala haihitaji ufundi mkubwa, nayo ni kulinywesha zege maji. Muungano wa saruji na maji unaendelea kwa majuma. Siku ya saba zege huwa limefikia karibu theluthi mbili ya nguvu inayotarajiwa siku ya 28, iwapo tu halikukaukiwa. Likiachwa kwenye jua na upepo, maji ya juu hukimbia, muungano husimama, na sehemu inayoathirika zaidi ni ngozi ya nje, ileile inayotegemewa kuzilinda nondo. Kunyunyiza asubuhi na jioni kwa mpira, halafu slabu ikawa nyeupe kwa ukavu kufikia saa nne, hakusaidii sana. Linalosaidia ni kutandika magunia na kuyaweka majimaji, kufunika kwa nailoni, au kujenga vijaruba vya udongo pembezoni na kuacha maji yatuame juu kwa siku saba angalau. Ni kazi ya mtu mmoja na pampu au ndoo. Fundi aliyekwisha kulipwa yote Jumamosi hatakuwa na sababu ya kurudi Jumapili.

Mirunda nayo ina hesabu yake. Mara nyingi mirunda na mbao ni za kukodi, au ni za fundi mwenyewe na zinasubiriwa kwenye kazi nyingine Mbagala. Kila siku zinapokaa chini ya slabu yako, kuna mtu anapoteza fedha. Ndiyo maana utasikia kwamba siku saba zinatosha kabisa kufungua. Kwa slabu ya nyumba, mirunda inayoishikilia isiguswe kabla ya siku 14, na pale ambapo maji na mchanganyiko havikusimamiwa vizuri ni afadhali zifike 21. Mbao za ubavuni mwa nguzo na za pembeni zinaweza kutoka mapema, hakuna ubaya.

Imani zinazowaponza wenye nyumba

Ya kwanza ni kwamba saruji nyingi huponya kila kitu. Mwenye nyumba mwenye wasiwasi huamuru: wekeni mifuko zaidi. Zege la 1:2:4 hula mifuko sita na nusu hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo slabu yetu ya mita za ujazo 15 inahitaji mifuko inayokaribia mia. Ukipeleka 120 na maji yakaendelea kumwagwa kwa kukisia, umenunua gharama na nyufa, kwa kuwa mchanganyiko wenye saruji na maji mengi husinyaa zaidi unapokauka. Imani hiyohiyo iko kwenye namba za mfuko. Saruji ya 42.5 ni nzuri na kwa nguzo na slabu ndiyo ya kuchagua, kuliko 32.5 ambayo mahali pake pazuri ni kwenye plasta na kujengea tofali. Lakini nusu ndoo ya ziada inaweza kuifuta tofauti yote uliyoilipia dukani.

Ya pili inahusu nondo. Watu huzihesabu nondo kwa idadi, wakati zege na nondo hufanya kazi kwa mahali. Katika slabu iliyoegemea kuta pande zote, mvutano mkubwa uko chini, kwa hiyo nondo kuu hukaa chini, zimeinuliwa kwa vibiskuti vya zege vya milimita 25 zisiguse mbao. Kwenye roshani inayoning'inia nje ya ukuta mambo yanageuka, mvutano unakuwa juu, na nondo za juu ndizo zinazoishikilia isianguke. Simama kwenye boksi la mbao siku ya kumwaga utazame miguu ya wabebaji. Wanazikanyaga nondo hizo za juu karai baada ya karai, na kufikia saa sita mchana zimelala chini pamoja na zile za chini. Roshani ya unene wa sentimita 15 ambayo nondo zake za juu zimeshuka sentimita tano imepoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kubeba, na ukiipiga lipu na rangi hakuna jicho litakalogundua. Mwandishi wa safu hii akipewa nafasi ya kukagua kitu kimoja tu kwenye nyumba nzima ya ghorofa moja, atachagua nondo za roshani dakika kumi kabla ya zege kufika, kisha ataomba ziwekwe mbao za kupitia juu yake.

Kwenye nondo mwenye nyumba pia ana lake la kujibu, maana mara nyingi ndiye anayezinunua. Nondo ya milimita 12 iliyotimia ina uzito wa kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo ya mita 12 inapaswa kukaribia kilo 10.7 kwenye mizani. Ya milimita 10 ni kilo 7.4 hivi. Ile inayouzwa kwa bei ya kutupwa ikiitwa 12 huku kipenyo chake ni milimita 10.5 imekupunja karibu robo ya chuma chote. Mhandisi alikokotoa kwa 12. Mizani ya duka la nafaka inatosha kumaliza ubishi huu, na ni ajabu kwamba mtu anayepima sukari kwa makini hununua nondo mia mbili kwa kuamini maneno.

Ya tatu: huyu ndiye aliyejenga ile ghorofa ya Mama Fulani, ukaione. Mtu anapelekwa kwenye nyumba iliyokwisha kupakwa rangi, anaona vigae na madirisha ya alumini, anaridhika. Ameona kazi ya mpaka rangi. Ukitaka kumjua fundi wa zege, mwombe akupeleke kwenye kazi inayoendelea, siku ya kumwaga ikiwezekana, au juma moja baada yake. Tazama kama mchanga na kokoto vinapimwa kwa sanduku au kwa koleo la kukisia. Tazama nguzo zilizofunguliwa karibuni: zege lenye matundu yanayoonyesha kokoto tupu, hasa chini ya nguzo na kwenye maungio, linakuambia kwamba halikushindiliwa. Kuyaziba kwa plasta kabla mwenye nyumba hajafika ni kawaida iliyoenea. Gusa slabu iliyomwagwa juzi. Ikiwa kavu, umeshapata jibu.

Ya nne ni kwamba habari za majengo kuanguka ni za maghorofa ya mjini tu. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 liliua watu 36. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka Aprili 2016 liliua zaidi ya 50, na lile la Kariakoo la Novemba 2024 zaidi ya 20. Kila mkasa ulikuwa na mambo yake, yakiwemo ya vibali na usimamizi, na si haki kuyatundika yote kwenye ndoo ya maji. Nyumba ya kawaida ya kuishi aghalabu haiporomoki siku moja. Inakuharibikia taratibu: slabu ya choo cha juu inavuja, jamvi linapasuka katikati ya sebule, na miaka kumi baadaye zege la chini ya roshani linabanduka vipande huku nondo zikichungulia, nyekundu kwa kutu. Mwambao wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Tanga, Zanzibar na Kigamboni, chumvi ya hewani huingia kwenye zege lenye vitundu na kuzifikia nondo haraka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Anayetumia mchanga wa ufukweni kwa sababu uko karibu na ni wa bure huwa ameipanda chumvi hiyo mwenyewe.

Nani ashike vifaa

Kuna namna mbili za kumchukua fundi, na kila moja ina ugonjwa wake. Ya kwanza ni kumpa ufundi tu, mwenye nyumba ananunua vifaa. Hapo fundi hana faida kubwa ya kubana saruji, ukiacha mfuko mmoja au miwili inayoota miguu, lakini ana faida ya maji na haraka. Ya pili ni kumpa kazi yote kwa jumla, vifaa ndani yake. Hapo kila mfuko ambao haukuingia kwenye mashine unaingia mfukoni mwake, na usipokuwa na mchanganuo wa gharama unaotaja idadi ya mifuko, kipenyo cha nondo na chanzo cha mchanga na kokoto, huna hata pa kuanzia kulalamika. Kwa nyumba ya mtu asiye na msimamizi wa kuajiriwa, safu hii inapendelea namna ya kwanza, kwa sharti kwamba vifaa vyote viwe kiwanjani kabla ya siku ya kumwaga. Kukimbilia mifuko kumi ya ziada saa kumi jioni ndiko kunakozaa uwiano wa miujiza.

Kwa ghorofa habari inabadilika. Fundi wa mtaani, hata awe hodari vipi, hawezi kuwa mbadala wa mchoro wa mhandisi na wa mkandarasi anayewajibika kisheria. Tanzania kuna Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na makandarasi wa majengo wamepangwa kwa madaraja, kuanzia la kwanza hadi la saba. Mwaka huohuo ilipita na sheria ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kenya wanayo Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi iliyotokana na sheria ya 2011. Kuuliza namba ya usajili si kumvunjia mtu heshima. Kosa linaloonekana sana ni la mkandarasi kukodisha jina: cheti kinatundikwa kwenye bango, wenyewe hawaonekani, na kazi inafanywa na kundi lilelile ambalo mwenye nyumba angelipata kwa bei ndogo. Uliza ni mhandisi gani atakayekuwepo siku ya zege, na jina lake liandikwe kwenye mkataba.

Walioko Muscat, London au Minnesota wanaojenga nyumbani kwa kutuma fedha wana tabu ya ziada, kwani wanasimamia kwa picha za WhatsApp. Picha ya slabu iliyomwagwa haionyeshi chochote cha maana. Afadhali waombe nyingine: nondo zikiwa kwenye boksi na futi imelazwa pembeni ionyeshe nafasi kati yake, mifuko mitupu ikiwa imepangwa mafungu ya kumi kumi, na slabu siku ya nne saa saba mchana, yenye maji juu yake.

Namna ya kuyaandika mapatano

Tiba ya kwanza ni kuivunja ile bei moja ya ufundi katika vipande vinavyofuata zege lenyewe. Mgawanyo ambao mwandishi wa safu hii huwashauri watu kuuanzia ni huu: asilimia 30 boksi na nondo zikishakaguliwa na kukubaliwa, asilimia 40 siku ya kumwaga, asilimia 20 baada ya siku saba za maji, na asilimia 10 mirunda ikishatoka na sehemu ya chini ya slabu ikaonekana haina matundu wala nondo zinazochungulia. Makandarasi wakubwa wanaifahamu desturi ya kuzuia sehemu ya fedha mpaka kasoro zikaguliwe, kwa hiyo hakuna jipya la kumshtua mtu. Fundi atasema, na ana haki, kwamba vijana wake wanakula kila siku na hawawezi kungoja majuma mawili. Basi bei ya jumla ipande kidogo, ili ile asilimia 70 iwatoshe vijana, na inayobaki iwe ya fundi mwenyewe. Mwenye nyumba anayebana bei na kuzuia fedha kwa wakati mmoja atapata fundi anayekimbia.

Maji yawe na mwenyewe. Aliyepewa kazi ya kunywesha slabu atajwe kwa jina, alipwe kwa siku, na malipo yake yasitoke kwenye ufundi. Anaweza kuwa mlinzi wa kiwanja. Kwa wengi hii ni gharama ndogo kuliko lori moja la kokoto, na hakuna fedha nyingine kwenye jengo inayorudisha faida kubwa namna hii.

Kipimo kitoke kwenye koleo kiende kwenye sanduku. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Sanduku la mbao lenye upana wa sentimita 35 kila upande na kina cha sentimita 29 linakaribiana sana na mfuko mmoja, kwa hiyo 1:2:4 inakuwa mfuko, masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto, yaliyosawazishwa kwa ubao juu. Toroli linaweza kutumika iwapo limepimwa kwanza kwa sanduku hilo, kwani toroli la kurundika na toroli la kusawazisha ni vipimo viwili tofauti kabisa. Ndoo ya maji ichorwe mstari wa rangi, na anayeshika mpira wa maji awe mmoja siku nzima, si kila anayepita.

Mchanga na kokoto vikaguliwe vikifika, lori likiwa bado halijamwaga. Wajenzi wa Dar es Salaam wanaujua mchanga wa Mpiji na kokoto ngumu za Lugoba, lakini jina la mahali halithibitishi shehena. Tia mchanga kwenye chupa hadi nusu, ongeza maji, tikisa, iache itulie. Tabaka la tope likikaa juu ya mchanga kwa zaidi ya sehemu moja kati ya kumi, lori hilo lirudi lilikotoka.

Ulaini wa zege nao unapimika. Koni ya chuma ya kimo cha milimita 300 hujazwa zege, huinuliwa, na zege linaloporomoka hupimwa limeshuka kiasi gani. Kwa slabu ya kushindilia kwa mashine, mshuko wa milimita 75 hadi 100 unatosha. Zege likishuka na kusambaa chini lote, ubishi wa kama maji yameongezwa umekwisha. Kwa ghorofa, mhandisi ajaze na vibweta vya zege vya milimita 150 kila upande, vipelekwe maabara kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuvunjwa siku ya saba na ya 28. Kazi ikifanywa kwa uaminifu, vibweta hivyo vinachukuliwa kutoka zege linalopanda juu. Isipokuwa hivyo, vinatengenezwa pembeni kwa mchanganyiko mtamu wa peke yake, kwa hiyo ni vizuri kuwepo pale vinapojazwa.

Wenye uwezo wa kununua zege la lori wamepunguza tatizo la vipimo, hawajalimaliza. Mita za ujazo 15 ni lori mbili au tatu, kila moja na karatasi yake inayoonyesha saa ya kupakia na daraja la zege. Foleni ya Ubungo haijui karatasi. Dereva aliyechelewa naye ana mpira wa maji nyuma ya lori, na vijana walio juu watamwomba aufungue. Aliyesimama na karatasi mkononi anatakiwa kuwa mtu wa mwenye nyumba, mwenye ruhusa ya kulirudisha lori na namba ya simu ya mhandisi atakayemuunga mkono kiwandani wakianza kubishana.